Tarakimu Sita za Mama Faili

Karani mpya aliripoti kazini Jumatatu, akapewa kiti chenye mguu mmoja mfupi na kompyuta ya kufungulia baruapepe ya ofisi. Nenosiri lilikuwa limebandikwa chini ya kibodi. Alipoliandika, kompyuta ikadai tarakimu sita zilizotumwa kwenye simu ya Mama Faili, karani aliyemtangulia. Mama Faili alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma, akazikwa na simu yake mfukoni.

"Mpigie tu," alisema fundi wa kompyuta huku akikunja waya. "Asubuhi hupatikana."

Simu iliita mara mbili.

"Nne, saba, sifuri, mbili, tisa, tisa," alisema Mama Faili. Udongo uliikwaruza sauti yake kidogo, lakini alisikika vizuri. "Umeshakunywa chai, mwanangu?"

Tangu karani ahamie mji huu, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akajibu kwamba bado.

Akaunti ilijifunga kila jioni, kwa hiyo alipiga kila asubuhi. Wafanyakazi wenzake walipita mezani pake wakiongea wao kwa wao. Wawili watatu walimwita Mama Faili, naye akaitikia, maana afadhali hilo kuliko kutoitwa kabisa.

Siku ya nne Mama Faili alisema, "Hebu nitazamie, mwanangu. Wamenijibu?"

Karani akapekua barua zilizotumwa. Mama Faili alikuwa amemwomba mkurugenzi ruhusa ya siku tano akatibiwe kifua. Aliomba mara nne, ya mwisho siku mbili kabla ya kufa. Zote nne zilikuwa na alama kwamba hazijafunguliwa.

"Bado, mama."

"Ana mambo mengi yule."

Karani akaichapa barua ya mwisho, akampelekea mkurugenzi. Mkurugenzi aliisoma yote.

"Ruhusa haiombewi na mtu mwingine. Aje mwenyewe."

"Yuko makaburini, bosi."

"Basi asubiri zamu yake."

Mwisho wa mwezi fundi akarudi. "Usihangaike kupiga kila siku. Naweka namba yako, dakika mbili tu."

Karani aliitazama simu yake. Wiki nzima hakuna aliyempigia. Akamfikiria Mama Faili kule chini, simu mkononi, hakuna anayempigia. Akaona uchungu.

"Iache hiyohiyo," alisema. "Anasubiri jibu."

Fundi akatikisa kichwa kana kwamba ameambiwa printa imeishiwa wino, akaenda meza ya pili.

Kesho yake Mama Faili alimtajia tarakimu, kisha akamsubiri atazame. Kulikuwa na barua moja mpya. Mkurugenzi aliwakumbusha wafanyakazi wote kwamba atakayeshindwa kutumia ruhusa yake kabla ya mwaka kwisha, ameipoteza.

"Wamenijibu?"

Karani aliisoma mara ya pili, halafu akaifunga.

"Bado, mama."

"Haya, mwanangu. Nipigie kesho."

"Nitapiga."

Hakuna aliyekata simu.