Koti la Mgeni Asiyekunywa Maji

Ndoto hii iliniingia usiku wa kuamkia leo, na naieleza kama nilivyoiona. Anayetaka kucheka acheke, ila asubiri nimalize.

Kwanza mjue nililalaje. Mimi ni Salha, fundi cherehani wa Manundu, hapa Korogwe. Jumatatu nilikuwa natoka kununua vifungo, mbwa asiye na mwenyewe akatoka uchochoroni, mate yanamchuruzika, akaning'ata kwenye shavu la mguu. Hospitali, nesi Shekalaghe akakiosha kidonda kwa sabuni mpaka nikamtukana kimoyomoyo, akanidunga chanjo mkono wa kushoto, kisha akanidunga dawa nyingine kuzunguka kidonda chenyewe.

"Hizi ni kingamwili zilizokwisha kutengenezwa," akasema. "Zimetoka kwa farasi. Zitakulinda wakati mwili wako unajifunza kutengeneza za kwako. Alhamisi urudi, chanjo haijakamilika."

Halafu akanikalisha kwenye benchi nusu saa nzima, ananitazama midomo na ngozi utadhani nimeiba kitu.

Alhamisi ndiyo leo. Na Jumamosi kuna harusi, sare za mama zake bibi harusi zote ziko kwangu. Jana jioni nikamwambia dada yangu Mwanaidi kwamba siendi hospitali, kidonda kimeshaanza kukauka.

"Salha, nesi alisema ugonjwa huu wa kichaa cha mbwa ukifika kichwani hakuna dawa."

"Umeingilia mguuni. Kichwani utafikaje, utapanda ngazi?"

"Haya. Mwenye mguu ni wewe." Akaingia chumbani kwake akafunga mlango, nami nikalala nimenuna.

Basi naota niko kibandani nashona, na cherehani inasimama yenyewe.

"Nimechoka kushona vya watu," inasema. "Twende kwako."

Inatembea kwa miguu yake minne ya chuma, inafungua shavu la mguu wangu kama mtu anavyofungua kabati, inaingia. Naifuata. Sikuona ajabu yoyote, niliinama tu nisigonge kichwa.

Ndani ni kiwanda kizima cha ushonaji. Mafundi wamejaa, wote wana sura yangu, hata kovu la pasi kwenye kidole gumba wanalo. Wamelizunguka koti moja. Mikono ya koti hilo imeungana kwa mbele, hakuna pa kutolea viganja.

"La nani hili?" nikauliza.

"La mgeni aliyeingia Jumatatu na mate ya mbwa," akajibu msimamizi wao, mwanamke mwenye sura yangu na miwani nisiyonayo. "Akivaa hili hagusi kitu, hafungui mlango wowote."

"Na vipimo? Alisimama mkampima?"

"Tuliletewa ndugu yake, maiti, kwa kupitia mkono wa kushoto. Maiti hana madhara. Tukampima shingo, kifua, urefu wa miguu. Ndiyo kazi ya ile sindano, hukuambiwa?"

Niliambiwa. Wakati ule nilikuwa nawaza vifungo.

Nikalishika koti. Bandi tupu, mishono ya muda ya mkono! Nyuzi zimelala nje nje, ukilivuta kidogo linaachia. Kazi ya hovyo hunichefua, hata ndotoni.

"Mbona hamlipigi cherehani?"

Msimamizi akanionyesha ukutani kwa ncha ya mkasi. Kibao changu, mwandiko wangu: ASIYEKUJA KUJARIBU ASINILAUMU.

"Tunamsubiri maiti wa pili tumjaribishie," akasema. "Na wengine baada yake. Nguo haipigwi cherehani kabla ya kujaribiwa. Umetufundisha wewe."

Kwa kibao hichohicho nimewahi kumrudisha mke wa diwani.

"Na huyo mgeni anasubiri?"

"Muulize huyo hapo."

Mlangoni kuna farasi, amekaa juu ya robota la mitumba. Mimi na mitumba hatupikiki chungu kimoja, imetumalizia wateja.

"Tangu lini mwili wangu unavaa mitumba?" nikamwambia.

"Tangu Jumatatu," farasi akajibu bila kukasirika. "Makoti haya yalishonwa ndani yangu mimi, kwa vipimo vya mgeni wa ukoo huohuo. Ndiyo yanayomzuia sasa hivi. Tatizo ni ya kuazima, yanachakaa upesi, na wenyeji wako hawanipendi."

Kweli, walinzi wa mwili wangu walikuwa wamesimama pembeni na marungu, wanamnusa.

"Wakiamua kunitoa kwa fujo, atakayevimba midomo ni wewe," farasi akaendelea. "Ndiyo maana nesi alikukalisha pale akakutazama. Mimi pia nilikuwepo. Ulilijaza benchi peke yako, nikasimama nusu saa."

"Pole."

"Nimeshapoa. Ila makoti yamebaki machache."

Mara hatuko kiwandani tena. Tuko stesheni. Reli inaanzia kwenye kidonda changu, inapita gotini, inapotelea huko juu kuelekea kichwani. Treni hakuna. Juu ya mataruma anatembea mwanamume mwembamba, kitambaa mdomoni, taratibu kabisa. Amevalishwa koti la mtumba lililompasuka kwapani, na mkono mmoja umeshatoka.

"Shikamoo fundi," anasema.

"Marahaba," nikaitikia, maana adabu ni adabu.

"Nasikia mnanishonea koti."

"Tunakushonea."

"Liko tayari?"

"Bado kujaribu."

"Aa. Basi mimi nasogea." Akavuka taruma jingine. "Sina haraka, fundi. Sisi hatupandi na damu, tunafuata mshipa wa fahamu, kwa miguu. Wapo wanaotembea wiki, wapo wanaotembea miezi. Wenye nyumba hudhani tumeshaondoka, kwa kuwa mlango tuliouingilia umepona."

Ili kumchelewesha nikasema lile ambalo kila mtu wa kwetu humwambia mgeni: "Karibu basi maji ya kunywa."

Akageuza uso kwa nguvu, koo likamkaza, kitambaa kikalowa mate.

"Maji hapana," akasema alipopata pumzi. "Na mimi nikifika juu, wewe pia hutayaweza."

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Niliogopa, jamani, maana alichokuwa anakiendea ni goti langu.

Nikarudi mbio kwa mafundi. "Shoneni! Mwili ni wangu, naamuru mimi!"

"Bila kujaribu?" msimamizi akauliza.

"Kisieni!"

Wote wakaacha kazi wakanitazama. Mtazamo huo naujua, ni wangu, humtazama nao mteja anayeniambia nikisie.

"Nina sare za harusi," nikasema, sauti imenipungua.

"Na sisi tuna koti la mgeni. Hizo sare utazimaliza. Watakaotaka sare mwaka ujao ndio sijui watashonewa na nani."

Akatoa chaki mfukoni, akanivuta mkono wa kulia, akachora juu yake mistari miwili iliyokatana.

"Maiti wa pili apitie hapa," akasema. "Kule kushoto bado kunauma."

"Nitakuja. Kweli nitakuja."

"Wateja wote husema hivyo," akajibu, akageuka kuchomoa pasi.

Nikaamka. Jua limeshatoka. Jambo la kwanza nililofanya ni kwenda mtungini nikanywa maji, kikombe kizima, nikaongeza na kingine. Yalipita vizuri. Ndipo nilipotaka kujifuta mdomo nikauona mkono wangu wa kulia: mistari miwili iliyokatana, ya chaki ya bluu.

Mimi hutumia chaki nyeupe tu. Ya bluu hung'ang'ania kwenye kitambaa, sijawahi kuiruhusu ndani mwangu.

"Umelala na kazi?" Mwanaidi akaniuliza.

"Nipe viatu," nikamwambia.

Nje, mama zake bibi harusi wameshafika kibandani, wako watatu na mtandio wa sare kila mmoja.

"Fundi, tumekuja kujaribu!"

"Mrudi mchana."

"He! Na harusi Jumamosi?"

"Naijua. Na mimi nimeitwa kujaribiwa."

Hospitali, nesi Shekalaghe akanipandisha mkono wa gauni, akaiona alama.

"Nani kakuchora?"

"Mafundi."

Akaniuliza kama nina homa, nikasema sina. Akadunga palepale mistari inapokatana, kisha akanielekeza kwenye benchi.

Nimekaa sasa, silalamiki. Benchi lote liko wazi, lakini nimesogea mpaka mwisho, maana farasi ni mpana.