Mdogo Atakuwaje Mkubwa?

Mwalimu mkuu alisimama mlangoni. Watoto wa chekechea wasipojua leo kulinganisha vitu, mwalimu wao mpya atanyang'anywa darasa. Mwalimu huyo akajikaza, akamsimamisha Kisoda, mmoja wa watoto hao, bega kwa bega na mdogo wake, aliyempita urefu kwa kichwa kizima.

"Nani mkubwa?"

"Mimi!" akasema Kisoda.

"Hebu mtazame vizuri."

"Mwalimu, huyu mdogo wangu! Mdogo atakuwaje mkubwa?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakuwa tayari kushindwa na mtu asiye na meno ya mbele.

"Haya, vueni viatu." Akaviweka mezani, kimoja kimoja. "Kiatu kipi kikubwa?"

Kisoda alivikodolea macho, akatafuta pa kutorokea, akakosa.

"Chake. Lakini kaka ni mimi!"

"Darasa ni lako, mwalimu," akasema mkuu, akicheka.