Nyota Tatu za Solvej

Kwetu Jutland magharibi, huku Denmark, upepo huwanyoa kondoo bila makasi. Mwaka ule upepo ulipoling'oa paa la kanisa na kulibwaga baharini, mchungaji alitoka, akatazama juu, akasema, "Leo kuna kaupepo." Ndivyo tulivyo. Chakula kitamu tunasema kinalika; sifa nzito tunawawekea marehemu. Jirani yangu Aksel alipomwona mkewe ndani ya gauni la harusi alimwambia, "Si vibaya," na mama wa watu akalia kwa furaha.

Binti yao, Solvej, aliugua mapafu, ikawa haruhusiwi kutoka nyumbani. Mwalimu Vibeke akaweka kishikwambi kwenye dawati la Solvej darasani, na ndani yake programu iliyomwonyesha ubao na wenzake, nao wakamwona yeye kitandani. Walimtania, akawatania. Siku akicheka, hata kikohozi kilisahau zamu yake.

Kisha halmashauri ikataka kubakiza programu moja tu kwa shule zote. Ikamtuma kijana wa Copenhagen, Malthe, aje kuwauliza wanaozitumia. Tukaketi chumba cha walimu, na kahawa yetu, na kishikwambi cha Solvej mezani.

"Hii yenu mnaionaje?"

"Haisumbui," alisema Mwalimu Vibeke. Tuligeuka kumtazama, tuliona amepitiliza kusifu.

"Na wewe, baba wa mtoto?"

"Nimeona mbaya zaidi," alisema Aksel, akavua kofia.

Malthe akakiinamia kishikwambi. "Solvej, unaipa nyota ngapi kati ya tano?"

"Tatu!"

"Tatu tu?"

"Sasa kaka, unataka niringe? Hizo tano wape watu wa kwenu."

Tulicheka. Malthe hakucheka, aliandika.

Shule za mjini zilikuwa zimeimwagia nyota tano programu nyingine, ya kutuma kazi za nyumbani na kuzisahihisha, basi. Haina picha ya mtu. Ndiyo iliyoshinda. Ya Solvej ikazimwa Jumatatu asubuhi, wenzake wakiwa katikati ya wimbo.

Aksel akaenda halmashauri, nami nikamsindikiza. Alisimama mbele ya meza ya Malthe akiiminya kofia.

"Ile programu ilikuwa... ilikuwa nzuri. Nzuri sana." Jasho lilimtiririka kama amebeba fahali mgongoni.

"Sasa mbona hamkusema?"

"Tulisema."

Malthe alifunga faili. "Mkataba umeshatiwa saini, mzee wangu. Pole."

Tuliporudi, Solvej alikuwa ameegemea mto, akingoja.

"Umewaambia nini, baba?"

"Nimewaambia ilikuwa nzuri sana." Na kwa kuwa neno lilikwisha kumtoka, likavuta jingine. "Na wewe, mwanangu, ni mtoto mzuri sana. Sijaona kama wewe."

Uso wa Solvej ukabadilika. Akaushika mkono wa baba yake.

"Baba," alisema polepole, "daktari amekuambia nini?"

Aksel akatoka kwenda kukamua ng'ombe. Walikuwa wameshakamuliwa.