Sakafu Inayoteremkia Jikoni

Binti yangu alikwisha kupanga kila kitu. Jumatatu mafundi wangekuja kusawazisha sakafu ya sebule, wamwage saruji mpya, waweke vigae. Nilimwitikia tu. Yeye ni nesi, amewaona kinamama wa rika langu wakifikishwa wodini na nyonga zilizovunjika, na mtu aliyeona hayo huwezi kubishana naye.

"Mama, ile sebule ni mteremko," aliniambia. "Siku ukiteleza uko peke yako, nani atakuokota?"

Ni kweli, sebule yetu ina mteremko. Ukiingia huuoni. Lakini ukimwaga maji chini ya dirisha, yanajua njia: yanapita kando ya kabati na kwenda zake moja kwa moja hadi mlango wa jikoni. Kwa hiyo kila kitu mle ndani kimewekewa kijiti. Cherehani ina kipande cha mbao chini ya mguu mmoja, kabati lina viwili, na meza nayo ina chake. Mume wangu ndiye aliyevichonga, kisha akavivisha vitambaa visikwaruze saruji. Alikuwa fundi cherehani, watu wote walimwita Fundi, na hakuweza kula mezani ikiwa meza imeinama hata kidogo.

Gofu aliianza ndevu zikiwa zimeshageuka nyeupe. Mteja wake mmoja, daktari wa meno, alileta kitambaa ashonewe suruali ya kuchezea. Fundi akamuuliza, "Hii suruali utasimama nayo au utainama nayo?" Daktari akajaribu kumweleza, akashindwa, mwisho akasema twende ukaone mwenyewe. Mume wangu akaenda na futi yake shingoni. Alirudi jioni shingo imeungua kwa jua, na kwapani ana fimbo kuukuu aliyopewa, ile fupi ya kusukumia mpira shimoni.

Jirani yetu muuza mkaa alimcheka hadharani. "Fundi, gofu ni mchezo wa wenye vitambi. Wewe kitambi utakiazima wapi?"

"Nitashona," akamjibu, na kuingia ndani.

Daktari alikuwa na rafiki, mwalimu wa udereva, mtu mnene mwenye kicheko cha kukohoa. Wakawa watatu. Kila mwaka mpya walikaa kwenye benchi la uwanjani, kila mmoja akataja lengo lake. Daktari siku zote alitaka kupunguza mikwaju. Mwalimu alitaka mpira wake uvuke ile mistari ya miti, na kila mwaka miti ilikuwa imezidi kurefuka. Zamu ya mume wangu ilipofika mara ya kwanza, alifikiri kidogo, akasema, "Mimi mwaka huu nataka nisiinue kichwa."

"Basi?" mwalimu akauliza.

"Basi. Unapiga mpira huku unautafuta kwa macho ulikokwenda, wakati bado haujaondoka. Ndivyo sindano inavyokuingia kidoleni."

Mwaka ule wote aliishi ameinamisha kichwa. Alikula ameinama, akazungumza na wateja ameinama, hadi siku moja nikamuuliza kama kuna jambo nimemkosea. Alicheka sana. Lakini lengo alilifikia. Mwaka uliofuata lengo likawa kutembea polepole kutoka mpira hadi mpira, asiukimbilie mkwaju unaofuata kabla ule wa kwanza haujamtoka moyoni. Hilo nalo alikuja nalo nyumbani. Ukimtuma chumvi dukani, ulikuwa na muda wa kukaa na kuota ndoto nzima kabla hajarudi. Nilipomwambia malengo yake ni madogo mno kwa mtu mzima, aliniangalia juu ya miwani.

"Lengo ni kama suruali, bibie. Likikupwaya unalikanyaga. Likikubana linachanika ukiinama. Mimi napima kwanza mtu mwenyewe."

Kisha ukaja mwaka wa kulaza mpira. Neno ni lake. Wenzake walisema kutumbukiza, kuingiza, kumaliza. Yeye alisema kulaza, kama mtoto anavyolazwa, na sauti aliishusha alipolitamka. Alilaza kikombe cha bati ubavu kando ya kabati, yeye akasimama karibu na cherehani, na kila mchana kazi zikipungua alisukuma mpira, akauendea, akausukuma tena.

Nikikumbuka miaka yetu, mchana ule ndio unaonijia kwanza. Mimi niko jikoni nachambua mchele. Jua limeingia dirishani na kujilaza sakafuni kama kitambaa kilichotandazwa kikisubiri chaki. Mpira unapita juu ya saruji kwa mvumo mwembamba, kama mtu anayetaka kusema jambo halafu anaghairi, halafu kikombe kinalia, ting. Mara nyingine nilisinzia na ungo mapajani, na usingizini mpira uliendelea, ukapita chini ya vitanda vya watu wote wa mtaani bila kumwamsha yeyote. Nikiamka bado unatembea.

Ikafika mahali hakosi. Lakini uwanjani alikosa kila mpira. Na si kukosa hovyo, alikosa upande ule ule mmoja, kushoto mwa shimo, upana wa kiganja. Alirudi amenyong'onyea, akaiweka fimbo pembeni bila kuipangusa. "Nyumbani naitwa bwana harusi," alisema, "nikifika kule naambiwa sina kadi."

Aliyegundua ni daktari. Alikuja kuchukua koti lake, akamwomba Fundi amwonyeshe mkono wake ulivyo. Mume wangu akausukuma mpira, kikombe kikalia. Daktari akauokota, akauweka sakafuni chini ya dirisha ili naye ajaribu, na kabla hajashika fimbo mpira ukaondoka wenyewe. Ukapita kabati, ukageuka kidogo, ukaingia jikoni na kugota kwenye mguu wangu.

Daktari aliinama akaitazama sakafu, shavu karibu na saruji, kama anavyochungulia jino. Alipoinuka alikuwa anafuta machozi kwa kicheko.

"Fundi, umefundishwa na nyumba. Hapa unalenga kushoto ili sakafu ikurudishie mpira kulia. Kule nyasi zimelala sawa, nani akurudishie?"

Mume wangu alisimama na fimbo yake. Miaka yote alikuwa amenyoosha vitu vya chumba kile kwa vijiti, akajisahau yeye mwenyewe anayesimama pale. "Kumbe mimi ndiye sikuwekewa kijiti," akasema.

Mwaka mpya ulipokuja alitaja lengo lake benchini, nami nilihadithiwa siku hiyo hiyo. Alisema, "Mwaka huu nataka niisahau sakafu yetu."

Nikamwambia mbona rahisi, mwaga saruji, isawazishe. Alikataa. Kila kitu ndani kimeshazoea, alisema, na vijiti vyake atavipeleka wapi. Akaanza kufanya mazoezi barazani kwa muuza mkaa, palipokuwa tambarare, na muuza mkaa mwenyewe akamshikia kikombe. Lakini mkono haukusahau. Mpira uliendelea kwenda kushoto, upana wa kiganja.

Halafu akaugua. Ugonjwa ulianzia kooni, ukamchukulia sauti mapema kabla ya vingine. Tulihamishia kitanda sebuleni, chini ya dirisha, mimi nikachonga vijiti vyake, vibaya, lakini kitanda kilikaa sawa. Binti yangu alikuja kila alipopata likizo. Siku nyingine tulikuwa wawili tu, na mimi kazi zangu ni za jikoni. Tulijaribu kengele, ikamchosha. Ndipo siku moja, nikiwa nimeipa sebule mgongo, nikausikia ule mvumo. Mpira ukavuka kizingiti taratibu, ukanigusa kisigino.

Alikuwa ameunyoosha mkono nje ya kitanda na kuuachia mpira. Hakuusukuma, hakuwa na nguvu za kusukuma. Sakafu ndiyo iliyouleta.

Ikawa hivyo. Akitaka maji, mpira. Akitaka kugeuzwa, mpira. Mimi naenda, nampa anachotaka, namrudishia mpira mkononi. Mara ya mwisho ulikuja mchana, jua likiwa limejilaza mahali pake. Nikamwendea. Maji? Akatikisa kichwa. Mto? Akatikisa kichwa. Alikuwa anatabasamu. Alitaka tu kuona kama utafika. Nikakaa kitandani nimeushika mkono wake na mpira ndani yake, hadi akasinzia.

Baada ya msiba niliendelea kuusukuma mpira mchana, kwa fimbo yake, kuelekea kikombe chake. Sikuwa na nia ya kujifunza kitu. Nilitaka sauti.

Jumamosi, kabla ya Jumatatu ya mafundi, daktari na mwalimu walikuja kunichukua. "Shemeji," daktari alisema, "tunamchezea mwenzetu leo. Shimo la mwisho ni lako."

Uwanja sikuwahi kuuona. Umande ulikuwa bado juu ya nyasi na ukungu umekaa chini, miti inaelea bila mashina. Nilitembea nyuma yao polepole, na sikuona ajabu, kwani mwendo ule niliujua. Mwalimu alipiga, mpira ukagonga miti kama kawaida. Hakuna aliyemtania. Kwenye shimo la mwisho waliweka mpira wa Fundi chini, wakanipisha. Mwalimu akaing'oa bendera, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeombwa kushika mtoto.

Niliinamisha kichwa. Nikausukuma.

Ulikwenda vizuri, bila haraka, ukapita kushoto mwa shimo na kusimama, upana wa kiganja.

Kisha mwalimu akakohoa kile kicheko chake, na macho yamejaa. "Ni yeye huyo," akasema. "Hata angekuja mwenyewe asingekosa vizuri hivyo."

Daktari alitaka kuuokota mpira, akasita, akauacha pale kidogo.

Nilirudi nyumbani nikamkuta binti yangu anahamisha vitu vidogo vya sebuleni kuwaandalia mafundi. Kijiti kimoja cha kabati kilikuwa mkononi mwake, anatafuta pa kukitupa. Nikamwambia aende akakae jikoni, kwenye kiti changu, anipe mgongo.

"Mama, nina kazi."

"Kaa kidogo, mwanangu."

Akakaa. Nilipiga magoti chini ya dirisha, pale kitanda kilipokuwa, nikauachia mpira. Ule mvumo ukaanza. Nilimwona akiinamisha kichwa kusikiliza. Mpira ukapita kabati, ukageuka kidogo, ukavuka kizingiti, ukamgusa kisigino. Hakugeuka haraka.

Nikamweleza. Baba yake alivyokuwa akiniita, hakuwa anajua. Likizo zake hazikuwahi kukutana na mpira. Aliuokota, akauzungusha kiganjani kama kidonge ambacho hajui ni cha nani. Kisha akainuka, akapiga magoti, akakirudisha kijiti chini ya kabati na kukigonga kwa ngumi hadi kikakaa.

"Basi vigae viende bafuni, na hapa watakufungia bomba la kushikia ukutani," alisema, bado ameinama. "Na usipite hapo na soksi."

Jumatatu mafundi walifika na mifuko ya saruji. Mkubwa wao alisimama katikati ya sebule, akakunja uso.

"Mama, hii sakafu imepinda."

"Najua," nikamwambia. "Bafu ndilo linalowasubiri. Piteni."

Mwaka mpya wale wawili wameniambia nami nikakae benchini nitaje lengo langu. Nimeshalipima, linanikaa. Yeye alitaka kuisahau sakafu hii. Mimi kila mchana, kazi zikipungua, nasimama karibu na cherehani, nalenga kushoto.