Kisu Kisichochemshwa

Asubuhi mama alipofariki, bomba la bandani lilimwaga maji mpaka jioni. Aliyezoea kulifunga hakuwepo tena.

Mama alikuwa akiuza maua ya okidi. Alikata shina kongwe lenye madoadoa ili apate miche, akafuta kisu kwenye gauni, akahamia jingine. Kukichemsha kuua vijidudu? Hata siku moja. Banda lake lote likawa na majani ya madoadoa, na wateja wakayapenda hivyohivyo.

Baada ya mazishi mwanawe mkubwa alijenga banda la pili, akanunua miche mipya na kuchemsha kisu kila mara. Haikupita miezi mingi, majani yake yakaanza kuoza.

"Maradhi haya yametoka kwa mama," alisema. "Jumamosi nachoma banda lake, kabla sijafilisika."

"Nipe jani moja la kila banda kwanza," alisema mdogo wake, ambaye nyumbani wote walimwita Kitinda. Alikuwa fundi wa hadubini ya elektroni katika maabara ya mimea.

"Yanaoza, wewe unataka kuyapiga picha?"

"Ya pasipoti. Hujui yanasafiri kwenda maabara?"

Kitinda alianza na jani la kaka. Ndani ya seli virusi vilizagaa kama sindano zilizomwagika, na punje za kijani zilikuwa zimepasuka. Akabadilisha sampuli, akaweka jani la mama. Virusi vilikuwemo, tena tele! Lakini vilijipanga tabaka kwa tabaka kama sahani kabatini, na punje za kijani zilikuwa nzima. Kipimo kilisema ni kirusi kilekile. Ndugu wa tumbo moja, tabia mbalimbali.

Akaruka kitini. Aina pole ikitangulia kuingia kwenye seli, aina kali inaweza kukosa pa kukaa. Kisu kichafu cha mama kilikuwa kimesambaza ile aina pole na kuichanja bustani nzima!

"Kaka, usiwashe moto! Madoadoa ya mama ni kinga!" alipiga kelele kwenye simu.

"Una uhakika?"

"Sina. Ndiyo maana nakuomba usubiri."

Kaka aliguna, akasubiri. Kitinda akapaka utomvu wa jani lililooza kwenye okidi moja ya mama na kwenye mche mmoja safi, kisha kila siku akitoka kazini alipitia bandani kuchungulia. Mche safi ukaoza. Okidi ya mama ikabaki na madoadoa yake, ikatoa chipukizi la ua.

Kaka alilitazama lile chipukizi, kiberiti bado kikiwa mfukoni.

"Kumbe ugonjwa nimeununua mwenyewe pamoja na miche. Na uvivu wa mama—"

"Weee! Utasema hivyo mbele ya maua yake?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, kicheko cha kwanza tangu msiba.

Siku hizi banda la mama lina wavu wake na mlango wake. Kitinda ndiye anayefunga bomba. Kisu cha humo hakitoki nje, wala hakichemshwi.