Kuku wa Mwindaji

Jumamosi, tarehe 14 Mei 1932. Alfajiri mvua ilitoka ziwani ikapiga mabati kwa nguvu, na kulipokucha Kisumu yote ilikuwa tope na baridi.

Mtoto wetu Yona alikuwa na majuma matatu, na maziwa yangu yalikuwa yakikauka. Alinyonya, akaachia, akalia. Mkunga wa misheni aliniambia nile kuku na mchuzi wake. Wenzangu wa darasa la jioni la misheni waliniombea, nami niliomba usiku na mchana, lakini nyumbani neno la kuku sikuthubutu kulitaja. Kwetu Wajaluo mwanamke hali kuku. Humpika, huwapakulia wanaume, basi. Tangu nizaliwe sikuwahi hata kuramba kidole.

Mume wangu Zefania alizipata habari kwa mkunga mwenyewe. Yeye alikuwa mpishi wa Bwana Pietro, Mwitaliano aliyejenga maghala karibu na bandari. Asubuhi hiyo alirudi na jogoo aliyekwisha kuchinjwa na jirani yetu Hemedi.

"Leo napika mimi," akasema.

Kwetu mwanamume haketi kwenye mafiga ya mkewe, basi akapanga mawe matatu uani, mbele ya macho ya watu. Mama yake, tuliyeishi naye, akatoka.

"Nyar Uyoma!" akaniita, kwa kuwa mimi ni binti wa Uyoma. "Umemlisha nini mwanangu hata ashike mwiko?"

"Hajanilisha kitu, Mama," Zefania akajibu, huku vitunguu vikimtoa machozi.

"Na analia pia!"

Zamzam, mke wa Hemedi, alikuja na bakuli lake akacheka. "Shemeji, pika tu. Hiki chakula kinaitwaje?"

"Kuku wa mwindaji. Ndivyo wanavyopika kwao Bwana Pietro."

"Mwindaji gani anayewinda kuku? Huyo mvivu!"

Hata mimi nilicheka, na nilikuwa sijacheka tangu nijifungue.

Zefania alikaanga vipande kwa samli mpaka vikawa vyekundu, akavitoa. Katika mafuta yaleyale akatia vitunguu na saumu, kisha nyanya alizoziponda kwa mkono, na majani ya rosmari aliyoyachuma kwenye ua wa misheni. Divai hakutia, maana sisi hatunywi. Alitia siki kidogo. Akavirudisha vipande, akafunika, akapunguza kuni. Harufu yake ilimfanya Zamzam anyamaze.

Alinipakulia mimi kwanza, na juu akaweka firigisi, sehemu ya mwenye nyumba.

Mama akashika kinywa.

"Kula," Zefania akasema.

Nilifumba macho nikamwambia Mungu, Baba, umeliona bakuli hili. Nikafumbua, nikaliweka chini.

"Kula, mama Yona. Mtoto ana njaa."

"Sitakula mpaka Mama aseme."

Zefania akageuka kwa hasira, lakini mama yake alimtangulia.

"Unaogopa nini? Mungu wenu wa misheni?"

"Yeye simwogopi, Mama. Nimeshamuuliza. Nakuogopa wewe."

Zamzam akainama chini kuficha kicheko. Ndani ya nyumba Yona akaanza kulia, kwa sauti nyembamba iliyokuwa ikizidi kupungua siku hadi siku. Mama akasikiliza. Nilimwona akiutazama mlango muda mrefu.

"Mimi nilinyonyesha sita," akasema polepole, "na sikukaukiwa hata siku moja. Nilijua nini mimi juu ya kukaukiwa?"

Akaketi kando yangu. Akachambua nyama ya paja mfupani, akaipuliza, akanilisha kwa mkono wake. Ilikuwa laini, chachu kidogo, tamu. Nililia huku natafuna.

"Mama, onja nawe," Zefania akasema.

"Niache na uzee wangu." Alipangusa vidole, akasimama uani mbele yetu sote. "Zamzam, sikia. Zefania, sikia. Katika boma hili, maadamu nina pumzi, hakuna atakayemwondolea mwanamke anayenyonyesha bakuli la kuku. Akijaribu, atanikuta mimi mlangoni."