Jina na Mtu Wake

"Gonga kwa kiganja, siyo kwa ngumi," Bi Kadi aliniambia bila kuinua macho. "Ngumi haisikiki huko nje."

Nikagonga kwa kiganja. Mlinzi hakuja. Kitasa cha ndani cha maabara ile kilikuwa kimevunjika siku nyingi, na mlango ulijifunga wenyewe kila ulipoachiwa, hivyo aliyeingia alitoka kwa hisani ya mlinzi. Dirisha halikuwapo. Kulikuwa na jokofu la damu likinguruma, kompyuta moja, viti viwili, na sisi wawili: mimi niliyeiandika programu ya majibu ya vipimo, na yeye aliyekuwa njiani kufukuzwa kazi kwa sababu ya programu hiyohiyo.

Miaka tisa imepita. Bado naamka na mngurumo wa lile jokofu masikioni.

Mambo yalikuwa hivi. Ndani ya mwezi mmoja, karatasi tatu zilitoka kwenye chumba kile zikiwa na kundi la damu lisilo la mgonjwa. Mbili Bi Kadi alizikamata mwenyewe. Ya tatu ilifika wodini, na mama mjamzito akaponea chupuchupu, kwa kuwa nesi alipima upya kabla ya kumtundikia damu. Waliokuja kukagua walifungua kompyuta wakakuta kila kitu sahihi. Makosa yalikuwa kwenye karatasi tu, na chini ya kila karatasi palikuwa na jina la aliyeichapisha, yaani lake. Kamati ilikuwa ikae saa kumi alasiri. Bi Kadi alikuwa amebakiza miezi saba astaafu.

"Nenda ukakae nayo siku moja, kisha uniandikie kwamba programu ni nzima," bosi wangu alikuwa ameniambia. "Yule mama ni mtu wa zamani. Kompyuta hazimwingii."

Nami, Mungu anisamehe, niliamini. Programu niliijaribu mwenyewe, kitufe kwa kitufe. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mimi nilijinyoa, tena nikajisifu.

Kufikia saa sita nilikuwa nimefungua majibu ya wagonjwa zaidi ya mia moja, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuja na damu yake. Shati lilinigandia mgongoni. Chumba kilinuka dawa, na nilianza kuona kuta zinanisogelea. Kama kosa halipo, nitatafuta nini mpaka jioni?

"Haya mama, nionyeshe unavyofanya wewe," nikasema, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa hekima.

Akavaa miwani. Kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote, alibofya neno "Jina" pale juu ya jedwali. Majina yakajipanga, A mpaka Z.

"Mbona umebofya hapo?"

"Mwanangu, miaka ishirini na sita nimetunza kadi kwenye droo. Kadi zisizopangwa kwa majina ni takataka. Siku chache ninazochapisha mwenyewe, napanga kwanza, ndipo naanza kazi. Hilo jina la Bi Kadi unadhani nilipewa bure?"

Akachagua mgonjwa, akachapisha. Kisha akafungua daftari lake, ambamo siku hizi alinakili kila jibu kwa mkono, maana hakuiamini tena kompyuta, wala hakujiamini mwenyewe. Daftari lilisema O. Karatasi ilisema B.

Nilijua kabla sijatazama.

Jedwali langu lilipanga majina usoni tu. Chini yake, orodha yenyewe ilibaki kama wagonjwa walivyofika. Ukichagua mstari wa tatu, programu ilichukua jina la mstari wa tatu unaouona, kisha ikaenda kuchota majibu ya mtu wa tatu kufika. Jina la huyu, damu ya yule. Wahudumu wengine wote walifungua orodha kama ilivyokuja, nami vilevile, ndiyo maana hatukuona kitu. Hospitali nzima, aliyeumbuka ni yule mmoja mwenye utaratibu.

Kulirekebisha kulichukua mstari mmoja na dakika nne.

Nikampigia bosi, nimejibanza kwenye jokofu, nanong'ona, kana kwamba ndani ya chumba cha hatua nne kuna siri.

"Rekebisha, uandike 'marekebisho madogo ya mwonekano'," akasema. "Ukiandika kwamba kosa ni letu, hospitali zote saba zinatukimbia, na wa kwanza kutoka ni wewe."

Nyumbani nilikuwa na mtoto wa wiki tatu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wa Bi Kadi niliuona mwepesi; wangu niliuhisi hadi mifupani. Nikaandika alivyosema.

Bi Kadi aliomba kuisoma ripoti. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, hadi chini, akarudi juu.

"Na mimi niko wapi humu?"

Hapo ndipo nilipoinuka nikaanza kuugonga ule mlango kwa ngumi, naye akaniambia nigonge kwa kiganja.

Kamati ilisoma ripoti yangu, na haikumaliza nusu saa. Walimwondoa siku hiyohiyo, na daftari lake wakalichukua kama ushahidi kwamba hata yeye alijijua ana makosa. Mimi niliiandikia hospitali barua ya kweli miezi mitano baadaye, nilipokwisha pata kazi kwingine. Ushujaa wa namna hiyo hata paka anao. Walinijibu kwa sentensi moja: shauri limefungwa.

Nikaenda kwake. Alinipokea mwenyewe, akanipa kiti karibu na mlango. Nikamweleza yote, nikaomba radhi, nikalia. Aliniacha mpaka nikamaliza.

"Sasa mtu akipanga majina," akauliza, "jina linakuja na mtu wake?"

"Linakuja, mama."

"Hospitali zote?"

"Zote saba."

"Basi."

Hakusema amenisamehe. Alikwenda jikoni kuteleka chai, na mlango wa mbele akauacha wazi, upepo unaingia. Nilitamani kuondoka, na hakukuwa na wa kunizuia. Sikuweza kuinuka.